Beti za Kulaza Moto

Mimi ni saa. Sisemi ninafanana na saa, wala simfumbii mtu. Mimi ndiye saa ya mji huu, na hakuna nyingine iliyobaki. Zile za ukutani ziliacha kusikilizana zamani. Moja husema asubuhi, ya jirani yake husema alasiri, na jua lenyewe halisaidii, maana huku kwetu jua huweza kukaa juu ya paa la soko muda usiojulikana likiwaza, kisha likashuka ghafla kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni. Watu wamezoea. Hulala wakichoka, hula wakiona njaa, huoana wakipatana. Joko, tanuri la mfinyanzi, ndilo lisilozoea. Joko linataka kujua hasa ni muda gani, na muda huo ninao mimi, kinywani mwangu, beti mia tatu na kumi na moja.

Nieleze, kwa kuwa mwenye kiburi lazima aonyeshe kiburi chake kimejengwa juu ya nini.

Bi Mize, mwenye joko, hufinyanga kwa udongo mweupe, kisha hupaka chombo maji ya kioo: jiwe jeupe lililosagwa, majivu, na unga wa zinki. Moto ukifika ukali wake wa mwisho, maji yale huyeyuka yakawa mepesi kama uji wa mgonjwa, yakateremka ubavuni. Ndiyo maana kila chombo hukalishwa juu ya kiguu cha udongo, na kiguu ndani ya kisahani, ili kinachomwagika kisikigandishe chombo na sakafu. Hapo moto hushushwa kidogo. Hauzimwi, hulazwa. Mtu akikosea akasema "zima moto" mbele ya Bi Mize, hujibiwa, "Kazime kwenu." Na moto ukishalala, ndani ya kioo kilichoyeyuka punje isiyoonekana huamka. Huota sindano. Sindano hukaa bega kwa bega zikawa upepeo. Pepeo hufunga duara, na likawa ua. Ua la kioo ndani ya kioo. Waliokwenda shule huliita fuwele. Sisi huliita ua kwa sababu tumeliona likichelewa, likisita, likijitanua, na fuwele ni neno la kitu kilichokwisha kuamua.

Kwa kila ubeti nisomao, Bi Mize hutia ukuni mmoja mwembamba. Beti zikipungua, maua hubaki vitone. Zikizidi, hukanyagana na kioo chote kuishia kisahanini. Idadi tunaijua. Ua litaota wapi, la rangi gani, moja au mia, hajui Bi Mize, sijui mimi, na moto haujui.

Swali nililo nalo tangu nilipokuja hapa nikiwa na ndevu tatu kidevuni ni hili: ninayeamuru muda lakini siamuru ua, mimi ni mtawala au mtumishi? Nilijifunza ushairi peke yangu, kwa kuhesabu mizani kwa vidole nikienda kisimani, na hakuna mwalimu atakayesimama kudai alinifundisha herufi. Nilidhani aliye na muda ana kila kitu. Kisha nikaona ua la kwanza likitoka jokoni, la buluu juu ya rangi ya asali, na halikuniuliza.

Sikiliza utenzi wenyewe unavyokwenda:

*Lala moto taratibu,*
*usikimbie jawabu,*
*kila kioo kitabu,*
*ua litajisomea.*

Mizani nane, nane, nane, nane. Nani aliutunga? Hakuna jina ndani yake. Beti mia tatu zimenyooka namna hiyo, mtu angeweza kutembea juu yake kwa miguu mitupu. Lakini zimo nyingine kumi na moja, zimetawanyika kama mawe kwenye mchele, zinazochechemea. Tazama huu:

*Jino langu linauma,*
*shavu limevimba nyuma,*
*bado nasimama wima,*
*ua laendelea.*

Hesabu mshororo wa mwisho. Saba! Na jino la nani? Linahusu nini? Upo mwingine unaolalamikia mbuzi aliyekula kofia. Upo unaosema tu kwamba mvua imenyesha na kwamba ni vizuri. Nilipojifunza utenzi huu nilizichukia beti hizo kumi na moja kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilimwambia Bi Mize nitazinyoosha kwa alasiri moja.

"Usiguse vilema vyangu," akasema.

"Ni aibu, Bi Mize. Mtu akinisikia atadhani ni mimi niliyekosea."

"Atadhani una jino bovu. Si jambo kubwa."

Na ajabu yake ni kwamba kila nikiufikia ubeti ule, jino langu la nyuma, zima kama jiwe, huuma. Ukisha kupita, huacha. Sikumwambia mtu. Saa haipaswi kuumwa jino.

*

Bwana Ngwali ni mjumbe wa Baraza. Ana rula mfukoni, na chini ya kwapa hubeba karatasi ya mafuta iliyokunjwa mara nne, yenye picha ya ua la mtungi wa mji, alilolinakili kwa kalamu nyembamba: majani tisa, la tano limejipinda. Mtungi huo hukaa katikati ya Baraza. Maji yake ndiyo maji ya kiapo. Aliyeoa aliyanywa, aliyesingiziwa aliyanywa, waliogombana wakapatana waliyanywa. Sasa umepata ufa mwembamba kama unywele, na maji yanatoka yakilia sakafuni.

Siku udongo wa mtungi mpya ulipokuwa mbichi, Bwana Ngwali alikuja akagonga muhuri wa Baraza kwenye kisahani chake, kama sheria inavyotaka, asije mtu akaleta chombo cha pembeni. Muhuri huo haugongwi kwenye kitu kingine chochote. Na siku ya moto alirudi na ndoo ya udongo wa kukandika.

"Huo wa nini?" nikamuuliza.

"Wa mdomo wa joko." Aliiweka chini taratibu, si mtu mkatili. "Baraza limeamua. Mtungi wa mji ni mmoja. Ukitoka ule ule, majani tisa, la tano limejipinda, tutaupokea na joko litaendelea. Ukitoka mwingine, nakandika mdomo huu, na kazi wanapewa watu wa kalibu, wanaokandamiza udongo kwenye umbo moja. Wao wakitoa vyombo mia, vyote mia ni kimoja."

"Hivyo si vyombo, ni mwangwi," nikasema. Damu ilinipanda. "Bwana Ngwali, ua halirudiwi! Hata wewe mama yako alikuzaa mara moja."

"Na akashukuru," akadakia Bi Mize, akicheka peke yake huku akipanga kuni.

"Mimi sitanii," Bwana Ngwali akasema. "Bibi, watu wameapa juu ya ua lile. Likiwa siyo, viapo vyao viko wapi?"

Bi Mize alikuwa akizipanga kuni mia tatu na kumi na moja, akizigusa moja moja kama mtu anayehesabu wajukuu. Miaka yake yote ilikuwa ndani ya mdomo ule wa matofali. Mikono yake haina alama za vidole tena, moto umezifuta, na mara moja aliniambia kwamba akikosa joko hatajua aiweke wapi. Alisema "aiweke", hakusema "aifanyie nini". Nililikumbuka neno hilo nilipoitazama ile ndoo.

Nami nilikuwa na siri. Nilikuwa nimetunga ubeti wa kufungia. Kila utenzi ulimwenguni una ubeti wa mwisho ambamo mtunzi hujitaja, isipokuwa huu wetu, nami niliona kwamba kama joko litazibwa leo, basi afadhali lizibwe likiwa limelisikia jina langu. Ningeusoma mahali pa ubeti wa mia tatu na kumi na moja, mmoja kwa mmoja, bila kuzidisha muda. Huu hapa, na sioni haya:

*Jina langu ni Vuai,*
*fundi asiyejidai,*
*mwingine kama sijui,*
*dunia yanitambua.*

Nane, nane, nane, nane.

*

Moto ukalazwa. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza, na jua liko juu ya paa la soko. Ubeti wa ishirini, na jua liko pale pale. Bi Mize anatia ukuni, anatia ukuni. Bwana Ngwali amekaa juu ya ndoo yake aliyoifunika ubao.

Ubeti wa arobaini. Sauti yangu inatangulia na mimi naifuata, kama mtu anayemfuata mwenyeji katika nyumba asiyoijua.

Ubeti wa sitini na mbili, mbuzi amekula kofia. Nikajishika kichwani. Kipo kitupu. Nilikuwa na kofia? Nahisi baridi ya mahali ilipokuwa.

Ubeti wa mia moja na kumi, mvua imenyesha na ni vizuri. Mabega yangu yamelowa. Jua linawaka.

Ni nani anayesoma? Nilianza mimi, nina hakika, nilikohoa kabla ya kuanza na kikohozi kilikuwa changu. Lakini pumzi hii inayovutwa katikati ya mshororo wa pili, mimi siivuti hapo. Kuna mtu aliyevutia pumzi hapo kabla yangu, pafu lake lilikuwa dogo, na utenzi umeihifadhi pumzi yake kama nguo inavyohifadhi kiwiko. Nikivuta hapo, naingia kiwikoni mwake. Je, yeye ni mimi? Ama sisi sote ni pafu moja linalopokezanwa, na kinachobadilika ni mbavu tu? Wakati mwingine ningekasirika. Nimezaliwa kuwa mmoja, nimejifunza peke yangu, sitaki wapangaji. Lakini ajabu, sikukasirika. Nilikuwa sawa. Moto ulikuwa umelala vizuri, unakoroma. Ndani humo, mahali pasipoonekana, sindano ya kwanza ilikuwa imekwisha kuota, nililijua hilo kwa namna mtu anavyojua mgeni amefika hata kabla ya hodi.

Ubeti wa mia mbili na tisini. Jino. Likauma, likaacha. Nikalisikitikia, safari hii, kama jino la ndugu.

Ubeti wa mia tatu na kumi. Umebaki ukuni mmoja mkononi mwa Bi Mize.

Sasa. Jina langu likapanda kooni, limevaa, limejipulizia manukato. Nikafumbua kinywa.

Nami nieleze kilichotokea kabla kinywa hakijatoa kitu. Bi Mize alikuwa ameuchomeka muhogo kwenye majivu tangu ubeti wa mia mbili. Sasa, kwa mkono mmoja ukiwa na ukuni, aliutoa kwa mkono wa pili, akaupasua juu ya goti, na mvuke ukanijia. Nilimtazama. Miguu yake ilikuwa imenyooshwa mbele, nyayo nyeupe kwa udongo, na uso wake, uso wa mtu ambaye joko lake huenda likazibwa kabla hajamaliza kula, ulikuwa umetulia kabisa. Nikaona kwamba nimeridhika. Hilo tu. Nina njaa, nimeridhika, na dunia haijanitambua. Na badala ya ubeti wa jina, ukatoka ule wa zamani, wa mia tatu na kumi na moja, mzima, kama kawaida. Ukuni wa mwisho ukaingia. Na kabla sijafunga mdomo, ukafuata huu, usiotungwa na mtu yeyote:

*Muhogo umeshaiva,*
*joko nalo limeiva,*
*nami kijana naiva,*
*Mize nisogezea.*

Mshororo wa mwisho una mizani saba. Neno moja nimelipangisha vina vitatu kama mtu asiye na mengine. "Nisogezee" nimeiharibu ili ipate kina. Na nimemwita mwanamke anayenizidi miaka hamsini Mize, mtupu, kama shoga yake wa kisimani.

"Mize?" akasema Bi Mize. "Nimekuwa Mize sasa? Tulicheza wote rede?"

"Bi Mize, nisamehe, ulimi—"

"Ukuni!" akapiga kelele. "Umesoma ubeti, wataka ukuni, na kuni zimekwisha!"

Alipapasa kulia, akapapasa kushoto. Kisha akapeleka mkono kichwani, akachomoa chanuo lake la mti wa mpingo, lenye meno marefu, akalitumbukiza mdomoni mwa joko. Likashika moto. Na Bi Mize akaanza kucheka, nywele nyeupe zimesimama, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mize," akasema. "Aliyeniita hivyo mara ya mwisho ni mama yangu, alikuwa ananituma chumvi." Akanikatia muhogo, kipande kikubwa.

Bwana Ngwali alikuwa amesimama. "Ule wa mwisho ulikuwamo?"

"Haukuwamo," nikasema. Sikujua kusema uongo mdomo ukiwa umejaa.

"Basi umeharibu."

*

Kupoa hakuna beti. Tulilala, tukaamka, tukala, jua likashuka na kupanda kwa mtindo wake, na mdomo wa joko ukaacha kuunguza mkono. Bi Mize akautoa mtungi.

Sitausifu. Nitasema ulivyokuwa. Ua lilikuwa moja tu. Lilianzia begani, likauzunguka mtungi wote, la buluu iliyokaribia weusi, na miale yake ilikuwa mirefu, iliyonyooka, yenye nafasi sawa baina yake, kama meno ya chanuo. Halikuwa na majani tisa. Mtu angelihesabu majani yake angerudi alikoanzia bila kujua amefika. Bwana Ngwali alifungua karatasi yake akaibandika ubavuni, akaizungusha, akaigeuza juu chini.

"Siyo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetaka kusema neno jingine. Akavuta ndoo, akaifunua.

Mimi ndiye niliyeharibu. Joko linazibwa kwa sababu ya muhogo. Nilitaka kusema kitu kikali, cha kuunguza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupata hata kina kimoja.

"Ngoja nimkate kitovu kwanza," akasema Bi Mize. "Hata mtoto asiyetakiwa hukatwa kitovu."

Aliulaza mtungi mapajani kama mkunga, akaweka patasi pale kiguu kinapokutana na kitako, akagonga mara moja. Kiguu na kisahani chake vikatoka pamoja, na kwenye kitako cha mtungi likabaki kovu la mviringo. Kwa watu wa kazi hii kisahani hakitupwi. Hufukiwa palipo mdomo wa joko, kama kitovu cha mtu kinavyofukiwa kwao, ili chombo kiende kokote na bado kiwe na pa kusema ni kwangu. Vya vyombo vya kawaida hufukiwa upande wa kushoto. "Huu ni wa mji," Bi Mize akaniambia. "Chimba kulia."

Sikuwahi kuchimba kulia. Nilichimba kwa hasira, na jembe likalia, *ngi*. Nikatia mikono. Nikatoa kisahani, nikakipangusa. Chini yake kilikuwa na muhuri wa Baraza. Ndani, pale kioo kilipomwagika na kuganda, palikuwa na kipande cha ua: majani mapana, moja limejipinda.

"Huo ndio ulio Barazani sasa," akasema Bi Mize. "Unaovuja. Nilikata mwenyewe kitovu chake. Endelea."

Chini yake kilikuwamo kingine. Muhuri ule ule, na maua madogo madogo, mekundu, kama magamba ya samaki. Chini yake kingine: la kijani, moja, halina jani hata moja, duara tupu. Kingine. Kingine. Nilivipanga mbele ya viatu vya Bwana Ngwali, na hakuna ua lililofanana na mwenzake. Nilipogusa udongo mgumu nikahesabu. Kumi na moja.

Kumi na moja.

Nikakaa chini pale pale shimoni. "Bi Mize," nikasema, "ule ubeti wa jino ni wa nani?"

"Wa Shaame, kaka yangu. Alikuwa anasoma siku ya huo wa majani tisa, shavu limemvimba hivi. Ukamtoka tu. Jino aliling'oa kesho yake." Akazipapasa nywele zake zisizo na chanuo. "Wa kofia simjui. Huyo ni wa zamani sana. Lakini mbuzi yule namwona."

Bwana Ngwali alikuwa ameokota kisahani cha magamba, akiutazama muhuri, akiupitisha kidole. "Baba yangu aliapa juu ya huu," akasema polepole. "Mimi nikaapa juu ya ule. Tuliambiwa ni mmoja. Bibi, ulijua! Mbona hukusema?"

"Ningesema ungesema nini wewe? Bi kizee anatetea kazi yake. Nyinyi mnauamini muhuri wenu, basi nao umesema."

"Na viapo?"

"Baba yako alikiacha kiapo chake mtungi ulipobadilishwa?"

"Hapana." Akafikiri. "Hapana, hakuacha."

Alikigeuzageuza kisahani mkononi muda wa beti kama thelathini, nilizihesabu bila kutaka. Kisha akaichukua ndoo yake ya udongo. Alikuja nayo hadi shimoni. Alinisaidia kuvirudisha vyote kumi na moja, kimoja juu ya kingine, na juu yao kile cha kumi na mbili chenye meno ya chanuo. Akaumimina udongo wake wa kukandika hapo juu, akausawazisha kwa rula.

"Imebaki harufu ya muhogo?" akauliza.

"Umebaki muhogo wenyewe," akasema Bi Mize, akiuopoa mwingine kwenye makaa ya chakula. Akamkatia. Hakukuwa na cha kushikia, ulikuwa bado una moto, basi Bwana Ngwali akaukunja ndani ya karatasi yake ya mafuta, ile ya majani tisa, akala amesimama. Kisha akauinua mtungi begani, kiganja chake kimelifunika kovu, akaenda nao. Tuliwasikia watu wakimlaki njiani.

"Ni ule ule?"

"Ule ule," akajibu, na hakusita.

*

Sasa utenzi una beti mia tatu na kumi na mbili. Mimi nilikuwa tayari kuunyoosha wangu. Ni kazi ndogo: tia "Bi" mbele ya "Mize", mizani inatimia nane, na heshima inarudi. Nilimweleza alipokuwa anakanda udongo.

"Ukiitia hiyo Bi," akasema bila kugeuka, "nitakupiga na mwiko."

Basi nimeuacha unachechemea. Ule wa jina langu nimeusahau, isipokuwa siku za jua kali. Siku moja atakuja kijana hapa, mwenye ndevu tatu na vidole vya kuhesabia, aliyejifundisha mwenyewe. Atajifunza zote mia tatu na kumi na mbili. Akifika kwangu atakunja uso, atauliza ni mjinga gani huyu aliyerudia neno moja mara tatu, na ataomba ruhusa aniondoe. Atakataliwa. Naye ataendelea kusoma kwa hasira mbele ya joko, na mate yatamjaa mdomoni, na hatajua ni njaa ya nani.